Suruali ya Mbwana imefuliwa Tete

Shoga, soma hii kabla hujapokea posa ya binti yako Sumaiya!!

Yule Mbwana tuliyemwoza binti yangu Tumu bila kutuma mtu kuulizia kwao, eti kwa sababu ni mtu wa Tanga mwenzetu, alimtoa hapa Joni, Afrika Kusini, akamsalimie mama mkwe Tete. Kule Msumbiji, kando ya Zambezi, joto la kukaanga yai barazani.

Mama mkwe hakuna. Kuna mke. MKE, shoga, na watoto wanne!

Mbwana hata hakupepesa jicho, akamwambia huyo mkewe: "Mama Rehema, nimekuletea msichana wa kazi."

Msichana wa kazi! Mwanangu niliyemtoa na hina mpaka magotini!

Mke akamtupia rundo la nguo. "Anza na suruali ya baba, imejaa vumbi la safari."

Tumu akajibu, "Sawa, mama." Pasipoti ya Mbwana imo mfukoni mwa suruali hiyo, alimwona akiitia pale mpakani. Hakuitoa. Akamimina Jik chupa nzima, akafikicha kwa mikono miwili.

Kanitumia picha. Pasipoti imeanikwa kambani kwa vibanio, uso wa Mbwana umefutika, imebaki kola tu.

Tumu yuko kwenye basi anarudi. Wewe tuma mtu kwao huyo mchumba, leo hii.

Mbwana abaki hukohuko, jua limwivishe.