Kuku wa Mnada na Ufunguo wa Ghala

Mama Tumpe, mke wangu,

"Mkristo akianza kuwaza biashara kubwa, ujue Mungu ameshakuwa mdogo kwake." Maneno hayo aliyasema mzee mmoja wa kanisa letu hapa Kihesa Jumapili iliyopita, mbele ya usharika mzima, na watu wakaitikia amina. Kinamama wenzako walikuwa wameomba kupangishwa lile ghala tupu nyuma ya kanisa, wapikie humo sosi ya nyanya. Jibu likawa hilo. Baraza la wazee litaamua Jumapili ijayo, lakini kwa jinsi nilivyozisikia zile amina, nahisi wameshaamua.

Nilisimama kujibu. Unanijua. Kisha nikageuka upande wa kinamama, kuutafuta ule uso wako uliokuwa ukiniambia niendelee au nikae. Nikaona benchi tu. Nikakaa.

Basi namjibu hapa gazetini. Ni Mungu gani huyo anayepungua mtu akinunua sufuria kubwa? Mungu ninayemwabudu mimi ndiye anayeziivisha nyanya za Ilula zote kwa mkupuo, kwa wingi usio na aibu, mpaka wakulima wanakosa matenga ya kuzitia. Hakuwaza kidogo Yeye. Wewe uliwahi kulisema hili vizuri kuliko mimi, siku tulipopita kando ya mtaro uliojaa nyanya zilizomwagwa, zinanuka: "Baba Tumpe, hii ni sala ambayo Mungu ameshaijibu. Sisi tumeiacha nje inaoza."

Wala siwaachi wale wengine, wahubiri wa spika kubwa wanaomwambia muuza vitunguu atoe sadaka nono kisha akae asubiri gari. Hao nao hawawazi makubwa. Wanaota, na wanawauzia wenzao ndoto. Tofauti ya kuwaza na kuota nilijifunza kwako, na ilianzia kwenye mnada wa kanisa.

Unazikumbuka chupa zako za kwanza? Ulizipeleka madhabahuni kama sadaka, na baada ya ibada zikanadiwa pale nje pamoja na mahindi, mayai na maboga, kama inavyonadiwa sadaka ya kila asiye na fedha mkononi. Watu walishindana! Mzee huyuhuyu wa Jumapili iliyopita alipandisha bei mpaka mwinjilisti akaanza kucheka, akashinda, akainua chupa yako juu, vigelegele vikapigwa. Ukarudi nyumbani unaruka. "Soko lipo! Umewaona?" Wiki hiyo ulipika mpaka sebule ikakosa pa kukanyaga. Nami nikaandika makala ndefu gazetini kuhusu mapinduzi ya viwanda yaliyoanzia jikoni kwangu.

Hakuna aliyekuja kununua. Walewale walioshindana Jumapili walipita mlangoni, wakakusifu, wakakuombea baraka, wakaenda dukani kununua sosi iliyotoka mbali. Ulikaa kwenye kigoda katikati ya chupa zako. Halafu ukacheka mpaka ukajifuta machozi kwa kanga. "Walinunua sadaka, Baba Tumpe. Ile sosi hata hawakuionja."

Mtu wa kuionja tulimpata Mbeya, tulipokwenda kumsalimu dada yangu anayeishi mtaa wa Ilomba. Ulibeba chupa kwenye kikapu ukaingia dukani kwa Bwana Seif, yule mfanyabiashara ambaye wazee wake walitoka pwani. Alimimina kidogo kwenye kisahani, akachovya kidole, akakuangalia kwa huruma.

"Mama, hii umeniletea supu."

"Kanisani kwetu wameisifia sana," ulimjibu, umekunja uso.

"Kanisani kwenu wamekuonea haya. Mimi shilingi yangu haina haya. Kaichemshe mpaka ishike mwiko, kisha urudi. Ukirudi na supu tena, nitaita na majirani waje kunywa."

Nilitaka kumvaa. Ukanishika mkono. Tulipotoka nje ukasema, "Usimguse. Huyu ndiye mtu wa kwanza kuniona mfanyabiashara. Wengine wote wananiona mama mcha Mungu anayehangaika."

Ukarudi kwenye mafiga. Ulikuwa unasali unakoroga, unakoroga unasali, na ukiungua unasema maneno ambayo hayamo kwenye tenzi. Ulipomrudia Bwana Seif, alichovya kidole mara moja, akachovya tena, akaita kijana wa stoo apange chupa rafu ya mbele. Njia nzima ya kurudi Iringa hukulala. "Sitaki genge," uliniambia. "Nataka kiwanda. Nataka mama ntilie wa kule Makongolosi kwenye dhahabu awawekee wachimbaji wake sosi yangu mezani bila kujua mimi ni nani, wala nasali wapi. Waipende kwa sababu ni tamu." Nilikuuliza kama huogopi kiburi. Ukaniambia kiburi ni kumletea Mungu kitu chepesi ukitegemea watu watakuonea haya.

Ugonjwa ukakuchukua kabla hujapata hata paa. Sufuria zako wanazo wenzako. Wanapikia uani kwa zamu, na mvua ikianza wanazima moto na kuzifunika nyanya kwa maturubai, huku lile ghala limefungwa, panya ndio washarika wake.

Mimi? Nagombana na redio. Makala zangu sasa hazina wa kuzikata. Uliyekuwa ukinirudishia karatasi na kusema, "Kelele hizi zote, ungekuwa umemenya nyanya," hayupo, na naandika maneno mengi kuliko yanayohitajika. Jioni natia chumvi nyingi kwenye mboga nikitumaini atatokea mtu wa kulalamika.

Jumapili ileile ya zile amina, mnada ulipofika kwenye kuku, yule mzee alishindana akamnunua, akaja moja kwa moja kwangu, akanisalimu Kihehe. "Kamwene, Baba Tumpe. Pole na upweke. Ukapate mchuzi." Ana moyo mwema, na ndilo linaloniudhi. Kuku nimemfunga uani. Sijaweza kumchinja. Asubuhi namsemesha, naye ananisikiliza kuliko baraza.

Lala, mke wangu. Nimemaliza na wewe kwa leo. Waliobaki ni hawa.

Wazee wa baraza la usharika wetu: Jumapili nitamrudisha kuku huyu mnadani. Asinunuliwe kwa kunihurumia mimi. Mgane hahitaji mchuzi wenu kama kinamama wale wanavyohitaji paa, kwa mkataba na kodi, kama mpangaji mwingine yeyote. Kabla ya kusema hapana, chukueni kijiko. Sosi ya mke wangu hamkuionja alipokuwa hai, basi ionjeni sasa. Ikiwa ina maji, waambieni usoni ina maji, warudi kwenye mafiga. Ikiwa imeshika mwiko, acheni kuwaombea, leteni ufunguo.

Mume wako,
Baba Tumpe