Bafta ya Bi Biasha

Alhamisi, 11 Septemba 1913

Leo naanza kuandika tarehe za Wadachi, hawa Wajerumani wanaotutawala. Sizipendi, miezi yao haijali mwezi umeandama au la. Lakini siku tuliyopewa imehesabiwa kwa hesabu yao, nami sitaki kuipoteza.

Mwalimu Abasi wa shule ya serikali hapa Rumonge alituita asubuhi. Mtu wa Tanga, mwembamba, kila neno analinyoosha kabla ya kulitoa. Akatusomea barua. Jumatatu ya tarehe 13 Oktoba Bwana Mkubwa atakuja kutoka Usumbura kukagua shule. Kila mtoto awe na shati jeupe la bafta, kaptula nyeupe ya bafta, na kofia nyekundu. Asiyekuwa nazo atafutwa kwenye orodha.

Hakuna aliyeuliza akifutwa aende wapi. Tunajua. Mwaka jana watoto wa kimo cha Swedi wangu walibeba mawe ya barabara mpaka Kigwena, na mmoja hakurudi. Walio kwenye orodha ya shule hawaguswi. Ndiyo sababu tuliwapeleka, tusidanganyane — si kwa kupenda kusoma.

Swedi ana miaka kumi na mbili. Marehemu mwanangu Feruzi aliniachia huyo tu.

Ijumaa, 12 Septemba

Abdulhamid wa duka amekwisha kupandisha bei ya bafta. Barua imesomwa jana! Nikamwambia Idi haijamaliza hata siku kumi, watu wamekula kila kitu, hata sufuria zimelambwa. Akacheka. Akasema na yeye ana watoto.

Hivyo basi.

Jumanne, 16 Septemba

Mgongo unauma. Mashati manne tangu Jumamosi, kwa mkono, mshono mdogomdogo kama anavyotaka Abasi. Watu wote wananiletea mimi, kwa kuwa fundi mwingine amekwenda Kigoma kwenye kazi ya reli. Wananilipa mawese na ndagala, dagaa wa ziwani. Nyumba nzima inanuka ndagala. Bafta hainunuliwi kwa ndagala, Abdulhamid anataka rupia.

Nawashonea watoto wa wenzangu, wangu hana hata pindo. Mganga hajigangi.

Nimemwangalia Swedi akifanya hesabu chini mchangani. Hakuniuliza kitu. Angeuliza ningemfokea, kwa hiyo ni afadhali.

Jumapili, 21 Septemba

Bafta imekwisha dukani. Imekwisha kabisa! Abdulhamid anasema mashua zote zinabeba chakula cha watu wa reli, nguo zimelala Ujiji zikingoja nafasi. Wiki mbili, anasema. Labda tatu.

Mchana alikuja Sikujua, mke wa Hamissi mvuvi, na bafta chini ya kwapa. Nyingi, imekunjwa vizuri. Nilipoifungua ikatoa harufu ya udi na kafuri. Mimi ni mwosha maiti wa wanawake mji huu tangu mume wangu angali hai, harufu ile siwezi kuikosea. Ilikuwa sanda ya mkwewe.

Nikamtazama. Akatazama mlango.

“Shona tu, Mama Feruzi,” akasema. “Muzee iko na nguvu, amekula ugali mbili jana. Mashua ikifika tutamununulia ingine.”

Nikashona. Kila mtu mzima hapa anayejiheshimu ana sanda yake sandukuni, ameinunua mwenyewe kidogokidogo ili asije akazikwa kwa kuchangiwa. Na kila mwenye sanda ana mjukuu.

Jumanne, 23 Septemba

Sanda tano leo. Mji mzima umefungua masanduku. Wanakuja mmojammoja, hawatazamani njiani, kila mmoja anadhani ni yeye peke yake.

Uledi seremala hana sanda wala mke, ana watoto pacha tu. Ameuza msumeno wake mkubwa kwa kofia mbili. Nikamuuliza atapasua mbao kwa meno? Akasema kwa shoka, kama babu yake. Nilitaka kucheka, sikuweza.

Mimi nimetoa bangili zangu kwa kofia ya Swedi. Mkono ni mwepesi, nasahau, naupapasa. Mimi mwenyewe sina sanda. Ile niliyokuwa nayo nilimzikia Feruzi.

Jumatano, 24 Septemba

Bi Biasha ameniita kwake. Hana ndugu hapa, mume wala mtoto. Mimi ndiye ninayempelekea uji na kumsuka nywele. Amekwisha kusikia habari zote — masikio yake mazima kuliko macho.

Akaniambia nivute sanduku. Nikajua. Nikamwambia hapana, Bi Biasha, usifungue. Akafungua.

Bafta nzuri kuliko zote nilizoshona mwezi huu. Miaka saba akiuza vitumbua, mpaka ikatosha vipande vyote vitano vya mwanamke, na ziada. Nikakataa. Kwa nini nilikataa lazima niandike, maana leo ndiyo mara ya kwanza amenisimulia yote. Alitekwa Manyema akiwa mtoto. Akavushwa ziwa hili na watu wa misafara bila hata kitambaa kiunoni. Siku aliyopata uhuru wake jambo la kwanza alilotaka si nyumba wala mume.

“Nilikuja uchi, mwanangu,” akasema. “Watu walisimama hapo pwani, waliniangalia. Niliapa nitaingia udongo nimefunikwa na nguo nyeupe, ya kwangu. Lakini hiyo siku haiko leo. Leo iko mutoto.”

Akasema itavisha wanne. Akawataja mwenyewe: Swedi, Radjabu wa Sharifa jirani, na pacha wa Uledi. Akasema Sharifa humtekea maji, na Uledi ndiye aliyemtengenezea mlango bure.

Nikaweka mkono kwenye msahafu wake. Nikaapa mashua ikifika kipande cha kwanza cha bafta ni chake. Akasema haya, peleka, kabla sijabadilisha mawazo.

Ijumaa, 26 Septemba

Sanda haikatwi kwa mkasi, inachanwa kwa mkono. Nimefanya kazi hiyo mara ngapi sijui. Leo nilishika mkasi nikakaa muda mrefu. Kisha nikasema bismillahi nikakata.

Jioni Swedi akavaa. Nilimgeuza huku na huku, eti natazama mabega. Mabega yalikuwa sawa. Amefanana na baba yake mpaka nikakasirika. Nikamwambia vua, utachafua.

Nina furaha. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu naona haya.

Jumamosi, 4 Oktoba

Abasi amewapiga watoto muhuri wa namba mifukoni kwa wino wa ofisini. Swedi ni 17. Radjabu ni 18. Wino hautoki, anasema, hata kwa sabuni, ndiyo amri. Nguo zisivaliwe mpaka siku yenyewe.

Mashua bado.

Mvua imeanza. Barabara ni tope, na wanatafuta watu wa kuitengeneza.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimekwenda pwani. Mashua mbili zimepita mbali kuelekea Usumbura, hazikugeuza hata kichwa. Abdulhamid hanitazami tena machoni, maana kila siku namuuliza swali lilelile.

Alhamisi, 9 Oktoba

Bi Biasha ana homa. Ametapika uji. Kaniuliza kama mashua imefika. Nikasema kesho. Nimekuwa mwongo kwenye uzee wangu.

Ijumaa, 10 Oktoba

Homa iko palepale. Mashua hakuna. Ameuliza tena.

Jumamosi, 11 Oktoba

Leo hakuuliza. Afadhali angeuliza.

Jumapili, 12 Oktoba

Amefariki alfajiri, adhana haijamalizika. Mkono wake ulikuwa mkononi mwangu. Inna lillahi.

Naandika nimekaa kwenye kizingiti chake. Nimemwosha. Nimemfunika kwa kanga yangu. Saa tisa sasa. Kaburi limechimbwa na wanaume wanataka kuzika kabla ya magharibi, kwa sababu ya mvua.

Asubuhi nilizunguka mji mzima. Nilibisha milango niliyoishonea mimi mwenyewe. Bafta hakuna Rumonge hii, hata ya kufunga kidonda, isipokuwa ile iliyokunjwa majumbani ikingoja kesho. Mkwe wa Sikujua mwenyewe, yule wa ugali mbili, alilia. Nadhani hakumlilia Biasha.

Mwalimu wa msikiti akasema nguo yoyote safi inatosha, hata kanga, Mungu hana ugumu. Najua. Nimefundishwa hayo na baba yangu kabla yeye hajazaliwa. Mungu hana ugumu. Ni mimi niliyeapa.

Nikaenda kwa Abasi. Nikamwomba kesho watoto wanne wasimame na kanzu zao za chuo cha Kurani, awaeleze tu. Si mtu mbaya, hilo nalo linachosha.

“Bi Zena, orodha si yangu,” akasema. “Mimi nasoma majina tu. Nikisoma jina na mtoto hana nguo, karani wa Bwana analikata palepale, na wanaohitaji watu wa barabara wamesimama nyuma yake.”

Nikarudi. Nikaketi karibu na maiti, nikasema Biasha, nisamehe, nitakuzika na kanga yangu. Nilisema kwa sauti. Nilikuwa nimekwisha kukata shauri, naliandika hapa nisije kujisifu baadaye. Nilimchagua Swedi.

Ndipo Swedi akaja mwenyewe. Amezikunja zile nguo vizuri, kofia juu. Sijui nani kamwambia. Hakuingia, anajua haruhusiwi. Akaziweka mlangoni, akarudi nyuma hatua moja.

“Bibi, hii ni yake,” akasema.

Nikamuuliza anajua kesho ni nini? Akasema anajua. Nikamtuma akawaambie Uledi na Sharifa kwamba mimi nafumua, basi. Asiwaombe kitu.

Shati limefumuka haraka. Mshono wangu ni mdogo lakini najua pa kuanzia. Kaptula ilinisumbua kiunoni. Vifungo nimempa Swedi, amevifumbata mkononi.

Kisha akaja Uledi na mbao za kaburi begani, zimepasuliwa kwa shoka, mbayambaya. Juu ya mbao kuna kitu kimefungwa kwa jani la mgomba. Nguo za pacha, zote mbili. Akaniambia kofia atamrudishia Abdulhamid, pengine atapewa msumeno. Sote wawili tunajua hatapewa. Akakaa nje akawa anachonga mbao zilizokwisha kuchongwa.

Nimefumua za pacha nazo. Nimevitandaza vipande vyote mkekani na kuviunga kwa nyuzi ndefu, mshono wa kushikiza tu. Vimefika kifuani, mgongoni, miguuni. Kichwa bado. Uso na nywele zile nilizokuwa nikimsuka ziko wazi, na pembeni kuna kanga ya rangi, na watu wataangalia. Kinachopungua ni shati moja na kaptula moja. Za Radjabu.

Kipande cha mfuko wa Swedi kimeangukia kifuani. Namba 17, wino mweusi kabisa. Nilikisugua kwa sabuni na mchanga, Abasi hakusema uongo. Nikakigeuza ndani, upande wa ngozi. Sasa namba inamlalia yeye moyoni na nje hakuna aonaye. Sijui kama nimefanya vizuri. Aliapa aingie na nguo yake, akawa anaingia na ya shule.

Simlaumu Sharifa. Nimejaribu kumlaumu, siwezi. Radjabu wake ana kifua kibovu, mawe ya barabara yangemmaliza kabla ya mwezi kwisha. Mlango wake umefungwa tangu asubuhi. Ni mlango wa tatu kutoka hapa, nauona ninapoinua kichwa. Mara nne nimeinua kichwa.

Wanaume wamekwisha kuleta jeneza la msikiti. Hamissi kauliza kama tuko tayari. Nikasema dakika kidogo. Kauliza tena.

Swedi amekaa chini ukutani na kanzu yake ya zamani, imemfika magotini. Anachora namba mchangani na kuzifuta.

Mlango umefunguka. Ni Sharifa. Anakuja polepole, anakwepa matope, kajifunika kanga mpaka puani. Radjabu yuko nyuma yake kizingitini kwao, hakumfuata. Hamissi amempisha.

Amesimama mbele yangu. Hajanisalimu amahoro, hajasema pole. Mikono yote miwili iko ndani ya kanga na sioni kama imeshika kitu.