Vidole vya Amoit

Busia, 2 Machi 1977

Dada Euphrasia,

Na lile jingine ambalo katika barua iliyopita karatasi iliniishia kabla sijakwambia ni kwamba Nathaniel akiamka huimba. Sauti yake mbaya, dada, mbaya kabisa, lakini mimi hufumba macho nijifanye nimelala ili asiache. Wiki tano za ndoa, na bado nikisikia baiskeli yake uani moyo hunidunda! Huko Malaba hamjambo? Mgongo wako umepoa? Sisi huku wazima, na mama mkwe anakusalimu.

Sasa nina shida. Unajua Nathaniel amepata nafasi ya kusomea Kanada miaka mitatu. Ubalozini wanasema naweza kupata viza nifuatane naye, ila fomu zangu zifike kabla ya tarehe ishirini, zikiwa na cheti cha polisi cha kila nchi niliyoishi. Cha Kenya ninacho. Kimebaki cha Uganda, kwa ile miaka minne niliyosoma Tororo nikikaa kwa shangazi. Bila hicho anaondoka peke yake. Miaka mitatu, dada! Nitakauka.

Nathaniel alitaka kuvuka mwenyewe nikamkatalia. Mwenzake wa kazini alivuka mwezi jana na hajarudi. Nami hapa yeye na mama mkwe hawaniruhusu hata kuukaribia mpaka. Lakini wewe huvuka kila wiki kununua ndizi za hoteli unayopikia, askari wanakujua. Polisi wa hapa wamechukua alama za vidole vyangu vyote kumi na kugonga muhuri. Mutua, yule dereva wa lori, atakuletea karatasi hiyo pamoja na barua hii. Tafadhali.

Mdogo wako mwenye furaha kupita kiasi,
Petronilla Amoit

Malaba, 5 Machi 1977

Mdogo wangu,

Salamu zako zimefika, na mgongo bado ni wangu. Huku tu wazima. Madereva ni walewale, wanalia kwamba chapati zetu zimekonda.

Karatasi nimeipata. Nilipomwambia Wilkista, ninayepika naye, kwamba natafuta cheti cha tabia njema cha mdogo wangu, alipiga makofi: "Heh! Mume ameoa kwanza ndipo anauliza tabia?" Nikamwambia hiyo tabia naijua mimi niliyekuwa nikikufungulia mlango ukitoka dansini.

Lakini sikiliza, bibi harusi. Kuvuka na ndizi si kuvuka na karatasi. Ndizi askari anazijua. Siku hizi ukikutwa na karatasi asiyoielewa, huulizwi unakwenda wapi, unaulizwa nani amekutuma. Na kufika Tororo kuna vizuizi viwili. Nitakwenda Jumanne na kurudi siku hiyohiyo, Mutua akuletee habari Jumatano. Usimwambie mama.

Dada yako,
Euphrasia

Busia, 10 Machi 1977

Dada yangu mpenzi,

Hujambo? Umerudi salama? Jana nilimsimamisha Mutua barabarani, akasema hana barua, na kwamba hotelini alimkuta Wilkista peke yake. Nikajiambia umechoka, umelala. Ni hivyo, sivyo?

Nathaniel amenunua koti la baridi, zito kama godoro. Tulilivaa wote wawili kwa pamoja, yeye mkono mmoja, mimi mkono mmoja, tukacheka hadi mama mkwe akaja kuuliza kuna nini. Dada, sikujua mtu anaweza kupendwa hivi.

Niandikie hata mstari mmoja.

Mdogo wako,
Petronilla

Busia, 13 Machi 1977

Dada,

Sijui nikuulize hali vipi wakati sijui uko wapi.

Nathaniel alikwenda Malaba jana. Wilkista amemwambia hujaonekana tangu Jumanne. Mama mmoja muuza samaki amerudi na kapu lako. Alilikuta limetupwa kando ya kizuizi. Nathaniel anataka kuvuka akutafute. Nimemfichia viatu. Amekasirika, anatembea uani miguu mitupu, hasemi na mimi.

Nilikuandikia juu ya koti. Wewe uko mikononi mwa watu, mimi nakuandikia juu ya koti! Nilikuomba kitu kile kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani. Cheti sikitaki tena. Rudi tu.

Mdogo wako

Malaba, 15 Machi 1977

Mdogo wangu Amoit,

Nipo. Nilirudi jana. Mgongo sasa una sababu ya kuuma. Mrudishie shemeji viatu vyake.

Kizuizi cha kwanza nilipita. Cha pili, askari mmoja mrefu akaitoa karatasi kapuni, akaniuliza kwa lugha iliyofanana na Kiteso chetu, "Vidole vya nani hivi?" Nami kwa furaha ya kusikia lugha ya nyumbani nikamjibu haraka, "Vya Amoit." Unajua jina lako lilivyopatikana: mama alikuzaa Usamia, mbali na kwetu, wakakuita Amoit, yaani Mgeni. Lakini huyu alitoka kaskazini, na kule kwao neno hilo ni adui. Mimi nimetaja jina, yeye amesikia kwamba nimebeba vidole vya adui.

Nilieleza hadi koo likakauka. "Ni jina tu, afande, la mdogo wangu."

"Basi mdogo wako aje mwenyewe. Mwite."

Hapo nikauona uso wako. Nikasema, "Afande, nimedanganya kwa woga. Amoit ni mimi." Sisi wanawake hatuna kipande cha kitambulisho, nani angenipinga? Akaichana karatasi mbele yangu. "Kama ni wewe, vidole si umekuja navyo?"

Walinikalisha benchi siku sita, wakiuliza yaleyale. Mwishoni mkubwa wao, mzee mpole, alichoka kuniona, akanipeleka mwenyewe Tororo kwa karani wa vyeti. Nikapakwa wino vidoleni.

Cheti anacho Mutua. Kinasema Petronilla Amoit hana kosa lolote Uganda. Muhuri ni wa kweli na jina ni lako. Vidole ni vyangu, vyote kumi. Kipeleke, Amoit. Nenda na mumeo. Nimekwisha kulipia kwa mgongo.

Dada yako,
Euphrasia

Busia, 18 Machi 1977

Dada yangu,

Tangu barua yako ifike nimekuwa mzima. Kabla ya hapo sikuwa. Umekula? Umelala?

Tuliweka vyeti viwili mezani, cha Kenya chenye vidole vyangu na cha Uganda chenye vyako. Mtu mmoja, vidole ishirini. Nathaniel akasema, taratibu, "Huenda wasilinganishe."

"Na wakilinganisha? Wewe utapoteza nafasi yako. Na wakiandika Uganda kuuliza, dada atavuka vipi tena? Kwa jina la nani?"

Akavifunika vyeti vyote viwili kwa kiganja. Kisha akauliza, "Utanisubiri?" Nikamjibu, "Mimi niko kwetu, wewe ndiye unayekwenda kwenye barafu." Tukacheka kidogo, halafu tukalia, na mama mkwe akalia pamoja nasi bila kuuliza ni kwa nini.

Fomu zake zilikwenda jana. Zangu zimebaki kwenye sanduku. Huko Uganda kukitulia, mwaka wowote, nitavuka mwenyewe na vidole vyangu. Nampenda, dada, nampenda hadi najiogopa, lakini siwezi kulala kando yake huko Kanada nikijua nimelalia vidole vyako.

Anaruka tarehe mbili Aprili. Kabla mwezi huu haujaisha tutakuja Malaba, mimi na yeye, akuage. Usipike, usifagie, usimwalike mtu. Nataka tu kukaa nawe mchana mzima nikikushika hiyo mikono.

Mdogo wako,
Amoit