Kiwanda Alichotuachia Baba Mkubwa

12 Januari

Binti yangu,

Hujambo huko kwenye baridi? Mimi sijambo, magoti tu ndiyo yanayolalamika nikipanda ngazi. Shangazi yako anakusalimu na anasema kwenye ile picha uliyotutumia umekonda. Nimeona nikuandikie kwa sababu kwenye simu wewe unauliza "hali yako?", mimi nasema "nzuri", tunaishia hapo kama askari wa geti na mgeni. Nikishika kalamu angalau nafika mbali.

Mambo ya urithi yamekwisha. Kiwanda cha sabuni cha marehemu baba yako mkubwa sasa ni chetu. Nikisema kiwanda usione makubwa: ni jengo moja refu lenye matangi ya kutu, bomba la moshi lililoinama kidogo, na ua wa zege ulioota majani kwenye nyufa. Tangu mashine zizimwe, wakazi wake ni paka. Afisa ardhi kanipa mkono wa pongezi, halafu papo hapo kanipa onyo: nisipompelekea mpango wa matumizi kabla mwaka haujaisha, eneo linarudi kwao. "Mzee," kaniambia, "hatuwezi kuwaachia paka mtaa mzima."

Basi silali. Unanijua, tangu niache kuendesha lori siwezi kukaa kiti kimoja mpaka chai ikapoa. Mama yako, Mungu amrehemu, alikuwa akinituma dukani bila haja ili nyumba itulie. Sasa hakuna wa kunituma, naenda kiwandani.

Nimefikiria tanuri la mikate. Mtaa huu wote unakula mikate ya kutoka mbali, inafika imeshachoka. Pale juu, iliyokuwa ofisi ya marehemu, pana dirisha kubwa na mwanga mzuri. Pangemfaa mtu wa kupamba keki. Nasema tu.

Baba yako

4 Februari

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, mgongo tu unanisumbua kwa kuinamia meza ya unga tangu alfajiri. Mwambie shangazi sijakonda, ni koti lilikuwa kubwa.

Barua yako imenichangamsha. Nimechora matanuri mawili nyuma ya karatasi ya kuokea, kisha nikafuta, nikachora matatu. Lakini kabla hujanunua hata ungo, fanya hivi: kanda unga humo humo kiwandani, uache uumuke usiku kucha, kisha uoke mkate mmoja tu. Unga unashika harufu ya kila kitu kilicho karibu.

Habari ya huku ni kwamba nimehama tena. Chumba cha kwanza kilikuwa na kelele, hiki kimya mno. Na bosi wangu, yule mama niliyekuambia anacheka kwa mabega, anafungua duka lake dogo la mikate na anataka niliendeshe naye. Anataka niweke sahihi kwenye mkataba wa miaka kadhaa. Nimemwambia nitafikiri. Kila asubuhi ananiuliza "umefikiri?", nami najifanya sijasikia kwa sababu ya mashine.

Niambie kuhusu mkate.

Binti yako

19 Machi

Binti yangu,

Marahaba. Pole na mgongo.

Mkate uliumuka vizuri sana. Niliukanda mwenyewe, nikaulaza kiwandani, asubuhi nikauoka kwenye jiko la jirani. Umetoka na rangi ya kupendeza. Shangazi yako akaumega, akatafuna mara moja, akabaki ananiangalia. "Kaka," akasema, "huu wa kula au wa kufulia?"

Sabuni imo ukutani, mwanangu. Imo kwenye sakafu, kwenye mbao, sijui kama haimo hata kwenye paka. Nimesugua mpaka mikono ikachubuka, na kadiri ninavyosugua ndivyo povu linavyozidi kutoka.

Lakini usivunjike moyo, maana mimi sijavunjika. Harusi haina shida na harufu nzuri. Nimeamua pawe ukumbi wa sherehe! Yale matangi nitayatoa, jukwaa litakaa mwisho kule. Ile ofisi ya juu nimeshaipaka rangi, ile ya kijani ya maji uliyokuwa ukiipenda. Atakaa humo mtu wa keki na mapambo, aone ukumbi mzima kutoka juu.

Jibu upesi.

Baba yako

30 Mei

Binti yangu,

U mzima? Sijapata jibu, nikasema labda barua imepotea, labda umehama tena. Mimi mzima wa afya, ila nina aibu kidogo.

Binti wa jirani alikuwa anaolewa, nikawapa ukumbi bure wajaribu. Mambo yalikwenda sawa mpaka chakula kilipoanza kuliwa. Mvua ikashuka, na paa lile ni chujio. Maji yakagusa sakafu. Mwanangu, povu! Lilianza chini ya meza ya wazee, likaja hadi jukwaani kama maziwa yaliyochemka. Mpiga kinanda akakimbia na kinanda chake. Bwana harusi alimkimbilia mkewe, akateleza, akaenda chini na suti, akainuka msafi kuliko alivyoingia. Watu walicheka mpaka wakalia, isipokuwa mama wa bibi harusi, ambaye mpaka leo nikimsalimu anaangalia nyumba iliyo nyuma yangu.

Baada ya hapo nikafikiria ghala, na karani wa kukaa juu, mtu anayejua lugha za watu ili aandikiane na wateja wa nje. Mfanyabiashara wa unga alikuja, akanusa mlangoni, akarudi garini, injini hata hakuwa ameizima.

Sasa nimepata. Chuo cha upishi! Wanafunzi watapikia nje, uani. Ndani watasoma tu. Mkuu wa chuo atakuwa na ofisi yake juu, nimeshaweka na kitanda akichoka. Siwezi kutulia, nazunguka jengo lile mpaka paka wamenizoea. Afisa ardhi kapita tena. Niambie unaonaje.

Baba yako

21 Juni

Baba,

Shikamoo. Natumaini magoti hayajambo. Mimi ni mzima wa mwili.

Leo nimezipanga barua zako zote kitandani, nikazisoma kwa mfululizo. Nilianza kwa kucheka, hasa lile povu. Kisha nikaacha. Baba, kila mpango una kile chumba cha juu. Tanuri lilikuwa na mpamba keki. Ukumbi ulikuwa na mtu wa keki. Ghala lilikuwa na karani anayejua lugha za watu. Sasa chuo kina mkuu, na mkuu ana kitanda. Mtu huyo ni mimi, sivyo? Rangi ile ni yangu.

Nilinyamaza muda mrefu kwa kuwa sikujua niseme vipi, na sasa nasema vibaya: siji kuishi huko, baba. Nitakuja kukuona, siku zote nitakuja. Lakini kazi yangu iko huku, na nimeipenda.

Wewe hujaniambia "rudi" hata mara moja, nami sijakuambia "siji". Kila barua yako ikifika namwambia bosi asubiri kidogo. Nahama vyumba kama mtu anayekimbia mvua. Sipo huku, sipo huko, mguu mmoja hewani. Nimechoka kusimama hivyo.

Ukichagua kazi ya kile kiwanda, usinichagulie mimi. Chagua kitu utakachokipenda hata kama sitakanyaga hapo maisha yangu yote.

Nisamehe kama nimekuumiza.

Binti yako

2 Septemba

Baba yangu,

Shikamoo. Je, u mzima? Ni muda sasa, hujajibu. Nikipiga simu, haipokelewi. Shangazi nikimpigia ananiambia "baba yako yuko kazini" na kuangua kicheko, halafu kelele za gari zinameza sauti yake. Kazi gani?

Kama umenikasirikia, nitukane, nitavumilia. Kimya chako ndicho sikiwezi. Jana nimeunguza mikate ya oda nzima, mimi ambaye siunguzi.

Andika hata mstari.

Binti yako

28 Septemba

Binti yangu,

Marahaba. Mimi mzima. Nimekuwa mweusi zaidi kwa jua, na nakula vizuri.

Nilikasirika, nisikufiche. Barua yako niliisoma nimesimama getini, nikaikunja, nikashinda na njaa. Niliandika majibu, nikachana. Niliandika mengine, makali zaidi, nayo nikachana, maana kila nilipofika mahali pa kusema "si kweli", kalamu iligoma. Ulichosema kilikuwa kweli. Nilikuwa najenga mtego na kuupaka rangi nzuri.

Nikawa nashinda uani tu, sitaki kuingia ndani. Nazunguka, naghadhibika, nang'oa majani kwenye zege. Ndivyo nilivyokuwa siku ile trela lilipokwama mtaani.

Dereva, mtu mzima mwenye kitambi chake, alikosea kona akaingia kwetu. Mbele vibanda, nyuma msururu wa magari, kila mtu anampigia honi na kumfundisha kazi. Shati limeloa jasho. Nikafungua geti la kiwanda pande zote mbili, nikamfuata.

"Shuka," nikamwambia.

"Mzee, hii si baiskeli."

"Ndiyo maana nimekuambia ushuke."

Akashuka. Nikapanda. Mwanangu, nilipokaa pale nikashika usukani, ile washawasha ya miguuni niliyokuwa nayo tangu niache kazi ilinyamaza. Nikaangalia vioo, nikarudisha trela nyuma polepole, likapita getini bila kugusa nguzo, nikaligeuza uani na kulitoa likiwa linatazama barabara kuu. Watu wa vibanda wakapiga makofi. Yule dereva hakuondoka. Aliegesha mbele kidogo, akarudi kwa miguu.

"Leseni ninayo," akasema kwa sauti ya chini, "lakini kurudi nyuma na trela hakuna aliyewahi kunionyesha. Nikifika bohari nalipa watu wanirudishie."

"Kesho mapema," nikamwambia.

Alikuja na wenzake. Kisha akaja Mama Kreti, yule anayesambaza soda hapa mtaani. Amechoka kukodi madereva wanaomlewea, anataka kuendesha lori lake mwenyewe. Siku ya kwanza kagonga kila pipa nililompangia, akashuka, akayasimamisha yote, akapanda tena bila kusema neno. Sasa anarudisha lori nyuma huku anabishana na mimi.

Miezi yote ile nilikuwa nalitazama jengo. Kilichokuwa kizima ni ua. Ni mpana, zege lake lilimwagwa kwa ajili ya malori, na hakuna anayejali unanuka nini. Nimempelekea afisa ardhi mpango: chuo cha madereva wa magari makubwa. Akauliza jengo je? Nikasema linabomolewa, nahitaji nafasi ya kugeuzia trela. Akagonga muhuri.

Wamelibomoa wiki iliyopita. Kile chumba cha juu kilianguka mwisho. Ukuta wa kijani ulisimama peke yake kidogo, kisha ukakaa chini. Niliangalia mpaka vumbi likatulia, halafu nikaenda kunawa, kwa sababu Mama Kreti alikuwa ananisubiri.

Hapa hamna ofisi. Kuna kiti changu na mwavuli.

Baba yako

20 Oktoba

Baba yangu,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia u mzima. Barua yako nimeisoma kwenye basi nikapitiliza kituo.

Nitakuambia kitu cha kijinga. Nilipofika kwenye maneno ya chumba kuanguka, nililia. Mimi niliyekuandikia usiniwekee chumba, ulipokiondoa nikanuna kama mtoto aliyenyang'anywa kitu alichokitupa mwenyewe. Nilinuna siku nzima. Bosi akaniuliza "umefikiri?", nikamjibu "nimefikiri", nikaweka sahihi, kisha nikaenda stoo nikalia tena, sijui safari hii nalilia nini. Nilipotoka nilikuwa na njaa sana.

Duka letu linafunguliwa mwezi ujao. Ni dogo, watu watapanga foleni nje. Wiki hii nimetundika pazia chumbani kwangu, tangu nifike nchi hii sijawahi kutundika pazia.

Bosi amenipa likizo mwezi wa Desemba. Nina hamu ya kuja, na naogopa. Zamani nilikuwa nikija unanipangia mambo, nakasirika, ndivyo tulivyokuwa tunapitisha siku. Sasa nije kufanya nini? Nitakaa wapi wewe ukiwa kazini? Nijibu upesi, nikate tiketi au nisikate.

Binti yako

11 Novemba

Binti yangu,

Marahaba, na hongera ya duka. Shangazi yako kapiga vigelegele mpaka majirani wakadhani unaolewa.

Barua yako imechelewa kunifikia, na nina wanafunzi wanapasha injini hapa, kwa hiyo sitakawia. Kata tiketi. Ukifika, lala mpaka utakapochoka kulala. Ukitaka kuja uani, njoo, ukitaka kushinda kwa shangazi yako mkisema watu, shinda. Jioni nafunga geti mapema, tutakuwa tunatembea.

Njoo, mama. Hapa hakuna kazi inayokungoja. Niko mimi tu.

Baba yako