Sentensi Niliyoikata Kwenye Habari ya Funza

Jumamosi, Julai. Mvua ilianza saa nane mchana na mpaka sasa, saa kumi na moja, haijaamua kuacha. Mtaa wetu wa Kimumu, hapa Eldoret, wote umejaa matope. Nimeketi kuandika mara tatu na kusimama mara tatu. Chai imepoa mezani.

Nitaandika mambo yalivyofuatana. Nikitulia nitaanza kujitetea.

Wiki tatu zilizopita niliandika habari gazetini kuhusu chakula cha samaki. Wafugaji wa hapa wamezoea kununua chakula kilichotengenezwa kwa omena, wale dagaa wa ziwani, na omena wamekuwa ghali kwa sababu watu, kuku na samaki wote wanawataka. Kwa hiyo wengine wameanza kufuga mabuu ya nzi mweusi, ambayo hapa kila mtu anayaita funza tu. Unawalisha mabaki ya sokoni, wananenepa, unawakausha, unawasaga, samaki wanakula. Baridi ya Eldoret haiwapendezi nzi wenyewe, hawazai vizuri, ndiyo maana wengi wananunua funza wachanga kwa mama mmoja wa barabara ya Iten mwenye banda la plastiki lenye joto.

Ilikuwa habari nzuri. Watu walinipigia kunipongeza. Ilipigwa picha ikazunguka kwenye magrupu ya wakulima.

Leo saa moja asubuhi alinipigia Mama Wanjiru wa Kesses. Ana duka karibu na vyumba vya wanafunzi wa chuo, na nyuma ya duka ana kidimbwi cha tilapia. Watu wake walihamia huku kutoka Nyeri, ambako wazee hawakuwa wakila samaki, na mwenyewe hupenda kusema kwamba bibi yake angekimbia akimwona samaki mezani. Namba yangu anayo tangu nilipoandika habari za barabara yao.

“Mwandishi, samaki wako wanapiga miayo,” akasema.

“Samaki wangu?”

“Si wewe uliandika? Wako juu ya maji wanafungua mdomo. Wengine wamelala upande.”

Nilimuuliza amewalisha nini. Akasema funza. Alikuwa nao wiki nzima, wakila majani ya kabeji, wakiendelea vizuri. Jumatano akawaongezea mahindi ili wanenepe. Alhamisi asubuhi wote walikuwa wamekufa. Hakutaka kuwatupa. Akawakausha kwa kikaango, akawasaga, na jana jioni akawamwaga kidimbwini.

“Mahindi gani, Mama Wanjiru?”

“Ya mwaka jana, yale yametobolewa. Mabaki, kama ulivyosema.”

“Yalikuwa na dawa?”

“Mwandishi, wewe ni mgeni? Mahindi gani hapa inakaa mwaka bila dawa?”

Ana haki. Hakuna nyumba ya mkulima katika kaunti hii isiyo na gunia la mahindi ya mwaka jana yaliyopakwa ile dawa ya unga ya kuzuia dumuzi, mdudu anayetoboa punje. Tunayaosha, tunayaanika, tunayasaga, maisha yanaendelea. Ukimwambia mtu wa hapa “mabaki”, mkono wake unaenda kwenye gunia hilo kwanza.

Kabla ya kutoka nilifungua daftari langu. Mwalimu aliyewafunza wafugaji kwenye semina niliyoiandikia habari alisema waziwazi, nami niliandika: si mahindi yenye dawa ya ghala, inaua funza, na kwa samaki ni mbaya zaidi. Nimeipigia mstari mara mbili.

Kwenye habari haimo.

Mhariri hakuigusa. Niliikata mimi. Habari ilizidi urefu kwa mistari miwili, nami nikatafuta cha kutoa. Nakumbuka pia nilichokiacha badala yake. Kuna mshiriki aliyeuliza kama si kinyaa kula samaki aliyekula funza, na mwalimu akamjibu, “Na kuku wako wa kienyeji huko nje anakula nini, mandazi?” Ukumbi ulicheka. Nikaona siwezi kuacha kicheko hicho.

Nilifika Kesses saa tatu. Samaki waliokufa walikuwa wameshajaza karai moja. Waliobaki walikuwa wakizunguka kwa mwendo usioeleweka. Nilimpigia afisa wa uvuvi. Akasema tutoe chakula kinachoelea, tuingize maji mapya, waliokufa wazikwe, wasipewe mbwa wala kuku, na samaki yeyote asiuzwe mpaka aje mwenyewe Jumatatu. Nilimrudishia Mama Wanjiru maneno hayo neno kwa neno. Aliitikia kwa kichwa, akaingia kuvuta mpira wa maji.

Lakini leo ni siku ya Mama Atieno, na mimi sikujua.

Mama Atieno anakaanga na kuuza samaki katika mtaa wa Huruma. Ni mtu wa ziwani, na kila Jumamosi huja na beseni lake kuchukua samaki wa wiki. Alipoonekana langoni, Mama Wanjiru alinishika mkono wa koti.

“Usiseme kitu,” akanong’ona. “Wale wanaogelea nitampea. Hao ni wazima.”

Nimefanya kazi hii miaka ishirini na zaidi. Sheria yangu moja ni kwamba siingii ndani ya habari. Nimesimama kando ya ajali, mazishi na migogoro ya mashamba, nikaandika, nikaondoka. Leo nilisimama kando ya kidimbwi nikitafuta sheria hiyo inasema nini, na haikusema kitu. Nikinyamaza, kufikia saa saba mchana watu wa Huruma wangekuwa wanakula samaki hao na ugali. Nikisema, Mama Wanjiru angempoteza mteja ambaye ilimchukua mwaka mzima kumpata.

Mama Atieno hakungoja mtu. Aliinama juu ya maji, akaangalia.

“Mimi nimekula samaki tangu nikiwa tumboni,” akasema. “Huyu amelewa. Mmewapa nini?”



Nikasema. Dawa, mahindi, funza, na kwamba onyo nililiandika daftarini kisha nikalikata kwenye gazeti. Nilisema kosa ni langu. Mama Atieno alinisikiliza mpaka mwisho, akageuka, akamwambia mwenzake, “Mama Wanjiru, na ungeniuzia?”

 Akachukua beseni lake tupu akaondoka.

 Mama Wanjiru alirudi kwenye mpira wa maji. Akasema bila kunitazama: “Umeandika mara moja, nikapoteza samaki. Umeongea mara moja, nikapoteza mteja. Sasa nenda nyumbani, usinisaidie tena.”

Nikaenda.

Saa tisa nilimtumia mhariri masahihisho. Aliyarudisha haraka, akiwa amebadilisha mwanzo: “Kutokana na hitilafu ya uhariri.” Ananipenda, alitaka kunifunika. Nikafuta, nikaandika upya kwamba mwandishi wa habari hii aliliondoa onyo hili alipokuwa akiifupisha. Akanipigia kuuliza kama nina uhakika. Nikamwambia nina uhakika na kila neno, kwa mara ya kwanza tangu habari hiyo itoke.

Yatachapishwa Jumatatu, ukurasa wa ndani, chini.

Hicho ndicho kinachonisimamisha kila nikikaa. Mama Wanjiru alikuwa na namba yangu. Wengine hawana. Habari ile ilisambaa kwa simu, na masahihisho hayasambai hivyo, hakuna anayepiga picha masahihisho. Kuna watu wangapi huko Moiben, Turbo na Ziwa, kote katika kaunti hii, walionunua funza wachanga kwa sababu yangu, na gunia la mwaka jana limeegemea ukuta?

Nimejaribu kumpigia mama wa banda la barabara ya Iten. Simu imezimwa. Kesho ni Jumapili, atakuwa kanisani mpaka saa sita. Nitamngoja langoni kwake. Nitamwomba namba ya kila mtu aliyemuuzia tangu habari itoke, nami nitampigia mmoja mmoja na kumsomea ile sentensi kama ilivyo daftarini. Ni sekunde chache tu kuisoma. Nimeipima.

Mpaka hapo sina la kufanya. Na sasa ni saa ambayo wafugaji wote wanalisha samaki wao.