Ego kwa Mzee, Ndiyo kwa Mama

Jumatatu, 3 Machi 1997
Mwezi wa pili huu mimi ni mnyapara wa makuli. Bado naona haya kujiita hivyo. Shule niliishia la nne – leo kampuni inasema eti na mimi kiongozi! Tuko watatu. Mzee Gervasi wa maboti, Mama Aikande wa ofisi na malori, halafu mimi. Wao wawili hata hawasalimiani. Kila neno linapita kwangu. Mwambie yule mama. Mwambie huyo mzee wako.
Tajiri Mudathir, mwenye kampuni, kachoka. Jumamosi kuna semina, analeta mtu toka Dar atufundishe kufanya kazi pamoja. Tukishindwa, kasema, kuna mmoja anaondoka.

Jumatano, 5 Machi
Asubuhi Mzee Gervasi kanishika bega gatini. Pastory mwanangu, maharage ya wakimbizi yanaondoka na boti kesho saa sita. Yatoeni ghalani mpakie, karatasi za yule mama zitatukuta mbele. Nikasema ego.
Mchana Mama Aikande. Kwanza kanipa chai na andazi. Mdogo wangu, kesho gunia lisiingie botini bila karatasi yangu, tumeelewana? Nikasema ego. Ego ndo nini? – kacheka, yeye mtu wa Moshi. Nikamjibu, ndiyo, mama.
Kwetu Waha mkubwa akiongea unamwitikia ego, ego, ajue unamsikia. Si lazima uwe umekubali. Nimejiambia hivyo njia nzima mpaka nyumbani Katubuka.

Alhamisi, 6 Machi
Aibu.
Saa nne tumetoa magunia themanini mpaka gatini, kama Mzee alivyosema. Halafu nikawazuia watu wasipakie, kama Mama alivyosema. Subirini, nikawaambia. Feliksi, yule kuli Mrundi, ana mdomo huyo: tunasubiri nini bosi, yatembee yenyewe? Mzee alikuwa kaenda Ujiji kumtafuta fundi wa injini. Mama yuko kikaoni mkoani. Ningeweza kutuma mtu. Ningeweza kwenda mwenyewe, miguu ninayo! Naanzaje? Nitasema nini?
Mvua ikaja toka ng'ambo, upande wa Kongo, tunaiona inavyotembea juu ya ziwa. Turubai moja tu. Tumefunika magunia kumi na kitu. Mengine yamelowa mbele ya macho yangu.
Wanawake wa kikimbizi walikuwa wamejibanza ukutani na sufuria zao, wanatuangalia. Bibi mmoja kasema kwa Kirundi, polepole kabisa, hawa wameshiba mpaka wanayanywesha maharage. Feliksi akacheka. Mimi Kirundi nakisikia vizuri tu. Nikajifanya sikusikia.

Ijumaa, 7 Machi
Maharage yanavimba. Magunia yananuka. Mzee anasema yule mama kayazuia. Mama anasema yule mzee kayatoa. Wote wanasema kweli! Hakuna aliyeniuliza. Na mimi sikufungua mdomo.
Nyumbani nimemweleza dada Yunisi, kwamba ego si lazima iwe ndiyo. Alikuwa anachambua dagaa, hata kichwa hakuinua. Siku ya kipaimara padri alipouliza unamkataa shetani ulisemaje? Nikasema, ego. Ehe, kumbe ulikuwa unamsikiliza padri tu!
Sikula.

Jumamosi, 8 Machi
Semina. Bwana Benedict, yule wa Dar, ni mtu wa kuchekacheka. Kabandika makaratasi makubwa ukutani. Kasema figa moja haliinjiki chungu, na mafiga ya kampuni hii ni nyie watatu. Nikajiona figa la udongo mbichi.
Baada ya chai kasema simameni. Kila mtu, bila kuongea, aende akasimame karibu na yule anayeamini atamwambia ukweli hata kama unauma.
Mimi sikutembea. Sikujua niende kwa nani. Nikaangalia chini. Vikaja viatu vya Mzee, vikasimama kulia kwangu. Halafu sendozi za Mama – kushoto!
Bwana Benedict kapiga makofi. Mmeona? Kumbe kiungo mnacho siku zote! Tajiri kasema basi vizuri. Jumatatu Pastory ataniambia maharage yalilowaje. Atakayemtaja, namwandikia barua aende.
Mzee kaniminya mkono. Mama kanikonyeza. Kila mmoja anajua niko upande wake.

Jumapili, 9 Machi
Misa. Sikwenda kupokea komunyo. Dada kaniona.

Jumatatu, 10 Machi
Naandikia kwenye benchi nje ya ofisi ya tajiri, mikono ipate kazi. Wao wako ndani. Mlango haufungi vizuri.
Mzee anasema aliyatoa yapakiwe, si yakae. Mama anasema alizuia yasiingie botini, hakuzuia yarudi ghalani. Tajiri anauliza, sasa nani aliyaacha pale? Hawajui. Kweli hawajui!
Mzee kasema, tajiri, muulize kijana, yule uongo hajaujua. Mama kasema, hapo, kwa mara ya kwanza, mimi na mzee tuko pamoja. Mzee kacheka. Mama naye kacheka. Wanacheka pamoja! Tangu niwajue sijawahi kusikia.
Sasa wananiita. Pastory! – sauti mbili kwa mpigo.
Nimeitikia ego.
Bado nimekaa.