Siku Nilipoosha Chini ya Gari Lako

Baba yangu,

Nina kesi na wewe, na kwa kuwa huko uliko huwezi kunikatiza, leo nitaisema yote.

Unalikumbuka gari lako la Kimarekani, milango miwili, silinda nane, rangi ya damu ya mzee? Ulilinunua likiwa bovu, ukalifufua kwa miaka sita kwenye gereji ya kupanga huku Scarborough, Toronto, mimi nikikushikia tochi. Jumapili baada ya misa tulikuwa tukiliosha pamoja. Nikiinama tu na mpira wa maji, unanikemea: "Chini usiguse!" Nikiuliza kwa nini, "Mtoto hamfundishi baba yake kazi." Mimi dereva wa basi la jiji, abiria tele kila asubuhi, lakini kwako nilibaki mtoto wa kusugua matairi.

Ulipotutoka, Beni mdogo wangu akataka tuliuze. Mnunuzi alishampata, namba anayo kwenye simu. "Dada, seriously, utaliweza?" Nikamwambia anipe onyesho moja la magari ya zamani. Likitoka kwa heshima, ni langu. Likiniaibisha, auze.

Basi nikaliosha, Baba. Juu, ndani, na chini. Chini hasa!

Onyesho lilikuwa Jumapili iliyopita, kwenye maegesho ya plaza. Nikafungua boneti, watu wakajaa, mimi kifua mbele. Mara harufu. Petroli ilikuwa inadondoka kutoka kwenye tangi. Msimamizi akanipa nusu saa: lisipoacha kuvuja, litoke. Beni akachomoa simu. Mama, kwenye kiti chake cha kukunja, akasema tu, "Yesu na Maria."

Nikalala chini na gauni langu la kanisani. Nikaona kitundu, na pembeni yake mabaki meupe. Sabuni! Yaani miaka yote hiyo umelizungusha gari Toronto nzima, tangi limezibwa kwa sabuni ya kufulia, kama vile bado uko gereji kule Moshi! Petroli haiiyeyushi, maji ndiyo yanaiyeyusha. Na badala ya kukiri, ukanikataza kuosha. Nilicheka mpaka Beni akadhani nalia. Kidogo nililia kweli.

Nikamtuma duka la Mhindi pale pale plaza, akaleta mche wa sabuni. Nikausugua kwenye kitundu, nikakandamiza kwa kidole gumba, matone yakakoma. Msimamizi akainama, akanusa, akauliza hiyo ni dawa gani.

"Ya kwetu," nikamjibu. Tukabaki hadi mwisho.

Kombe hatukupata, wala halikuniuma. Jumatatu nilipeleka gari likafungwa tangi jipya. Usinune. Mama naye alinuna, akasema nimefuta kazi ya mkono wako. Lakini wajukuu wako wanakaa kiti cha nyuma, Baba, na mimi sitawabebea petroli kwa sabuni. Nakupenda, nakukumbuka kila injini inaponguruma, na bado nasema: pale ulikosea, nami nimerekebisha. Nilidhani kukusahihisha kutaniuma. Hakukuniuma.

Jana Beni aliifuta ile namba mbele ya macho yangu, kisha akaomba aendeshe hadi kazini kwake. Nikamfungulia mlango wa abiria.

Pumzika, fundi wangu.

Ni mimi binti yako,
mwenye gari.